Riviu ya vitu vya ngozi nilivyomnunulia mzee wangu mwenye saratani ya damu, na famasi iliyokataa kuniuzia tyubu

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye mzazi wake ameanza dawa za saratani ya damu na ngozi imeanza kuleta mambo. Mimi nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili nilikuwa nakutana na matangazo ya mafuta ya maajabu tu, kopo moja linatibu kuanzia chunusi mpaka kansa, tuma hela utaletewa. Kwa hiyo nitasema nilichonunua, kilichofaa na ambacho sitanunua tena, na nitasema habari za famasi moja ndogo huku kwetu Temeke, maana kwangu mimi hakuna huduma nimewahi kupata ikaizidi ile, na siku ya kwanza hawakuchukua hata mia yangu.

Mzee wangu ana CML, ile saratani ya damu inayokwenda taratibu. Ni fundi cherehani, tangu niko mdogo namjua akiwa na futi shingoni, alafu akaanza kukonda, usiku anatoka jasho mpaka shuka linakamuliwa, tumbo upande wa kushoto limejaa, watu wakasema TB, wengine wakasema mengine. Kumbe bandama limevimba na seli nyeupe kwenye damu zimepanda kupita kiasi. Wakampima kile kipimo cha vinasaba cha BCR-ABL ikathibitika. Kwa wasiojua, ni kwamba kromosomu, yaani vile vifurushi vya vinasaba ndani ya seli, namba 9 na namba 22 zinabadilishana vipande, wataalamu wa mji wa Philadelphia Marekani waliiona hiyo kasoro mwaka 1960 ndo maana inaitwa kromosomu ya Philadelphia, na dawa inayoilenga yenyewe, imatinib, iliidhinishwa kule Marekani mwaka 2001. Kabla ya hapo ugonjwa huu ulikuwa unaondoka na watu. Saivi mtu anameza kidonge kila siku akiwa nyumbani kwake na maisha yanasonga, na kuna mpango wa Novartis pamoja na shirika la The Max Foundation ambao umefanya wagonjwa wengi wa nchi kama zetu waipate dawa bila kulipa. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, kwa sababu kwa bei yake halisi sisi tusingeweza.

Ila sasa hakuna aliyetukalisha chini akatuambia habari za ngozi. Tuliambiwa kichefuchefu, tukaambiwa miguu kukaza, ngozi hapana.

Mwanzoni kabisa, kabla mzee hajapewa imatinib, walimuanzishia hydroxyurea ya kushusha seli nyeupe na allopurinol. Hiyo allopurinol wengi mnaijua ni kidonge cha gauti, na mzee hana gauti, nikawa najiuliza anapewa ya nini. Sababu yake ni kwamba seli za saratani zikianza kufa kwa wingi zinamwaga uchafu kwenye damu, asidi ya uriki inapanda, figo zinaumia, sasa hiyo allopurinol inazuia isipande. Dawa nzuri, ina kazi yake. Lakini ni moja ya dawa zinazojulikana kabisa kwa kuleta aleji mbaya ya ngozi kwa watu wachache, na mara nyingi ni ndani ya wiki za mwanzo mwanzo za kuianza.

Basi wiki chache zikapita, mzee akaanza kujikuna kifua. Nikamfunua shati naangalia, vipele vidogo vidogo vimesambaa kifuani na mgongoni, na naomba mnisikilize hapa vizuri kwa sababu picha zote za mitandaoni ni za ngozi za Wazungu. Kwa mtu mweusi usitegemee kuona wekundu. Kwa mzee ilikuwa kama zambarau iliyochanganyika na weusi, sehemu nyingine kama kijivu, ukiiangalia kwenye taa ya ndani unaweza usione kitu ila ukipitisha kiganja unasikia ngozi imekwaruza kotekote. Tulimtoa uani kwenye mwanga wa jua la asubuhi ndo tukaona imeenea kiasi gani, mpaka mapajani.

Shangazi alikuwa amekuja kutoka Mkuranga kumjulia hali, akasema hilo ni joto, akatuma mtoto duka la dawa la pale kituoni. Jamaa wa pale bila kuuliza chochote akasema kuna tyubu inamaliza kila kitu, mnazijua zile zenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali ya kutuliza uvimbe na kuwasha, zinauzwa kama pipi. Mtoto akarudi kuchukua hela. Mama ndo akasema subirini, huyu ni mgonjwa wa damu, asipakwe kitu mpaka tuulize. Nikatoka mimi.

Sasa hii famasi ninayoisifia iko mtaa wa nyuma, chumba kimoja, dirisha lina nondo, ndani kuna kabati mbili za kioo na feni. Mfamasia ni mdada wa makamo, anavaa koti jeupe lililopauka mifukoni. Nikamwambia naomba ile tyubu, nikaitaja jina. Akaniuliza, "Ya nani, kaka?" Nikasema ya mzee, ana vipele. Hakunyanyuka. Akasema, "Mzee anatumia dawa gani nyingine?"

Nikamtajia. Alipopata neno allopurinol akavuta kiti akakaa akachukua kalamu. Maswali aliyoniuliza nayakumbuka yote: ameianza lini, ana homa, mdomoni kuna vidonda au koo linauma akimeza, macho yamekuwa mekundu au yanawasha, ngozi inauma au inawasha tu, kuna mahali imetoa malengelenge au inachubuka, amevimba uso, akienda haja ndogo anasikia maumivu. Nikampigia mama pale pale tukawa tunaulizana kwa simu mbele yake. Homa ilikuwepo kidogo. Mdomoni mama akasema analalamika chai inamchoma.

Mdada akafunga kalamu. "Kaka, hii tyubu sikuuzii. Mpeleke kwenye kliniki yake leo, usisubiri kesho, na beba vidonge vyote anavyomeza na makopo yake. Ya leo ya allopurinol kama hajameza mwambieni asimeze mpaka daktari amuone." Akaniandikia kwenye karatasi jina la dawa, tarehe mzee aliyoianza na dalili tulizomtajia, akapiga muhuri wa famasi, akasema mpe daktari hii usipoteze muda kueleza upya. Nikamuuliza shilingi ngapi, akasema ya nini, hujanunua kitu.

Kliniki walipoiona ile karatasi hatukukaa foleni. Wakamsimamishia allopurinol hapo hapo, wakampima ini na figo, wakamlaza wamuangalie. Daktari akatueleza kwamba aleji ya namna ile ikiachwa kwa baadhi ya watu inafika mahali ngozi inavuka kama ya mtu aliyeungua moto, macho na mdomo navyo vinachubuka, na kwa mtu ambaye kinga yake imeshatikiswa na saratani ni hatari ya kifo. Alichosema kuhusu ile tyubu ndicho nataka kila mtu akisikie: steroidi ile kali ingetuliza ngozi kwa juu, kuwasha kungepungua, sisi tungefurahi tumepata dawa, na mzee angeendelea kumeza kidonge chenyewe kinachomuua kila asubuhi. Yaani krimu ingetufichia.

Mzee ngozi yake ilipauka, ikatoka magamba, ikachukua muda kurudi, makovu meusi yakabaki mgongoni lakini yanaendelea kufifia. Kwenye faili lake wameandika kwa wino mwekundu ASIPEWE ALLOPURINOL, na mimi nimeandika kwenye karatasi ndogo nikaitia laminesheni anatembea nayo kwenye pochi, maana kesho akienda hospitali nyingine wakamuona asidi ya uriki imepanda wanaweza kumpa tena, na ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Laminesheni ni hela ndogo sana stationari. Kama mzazi wako ana mzio wa dawa yoyote fanya hivyo leo.

Tukaja kwenye imatinib yenyewe. Hii nayo ina vipele vyake, na hapa ndo familia nyingi zinakosea njia. Baada ya muda mzee akapata tena vipele mikononi na kifuani, vinawasha, ila safari hii hana homa, mdomo mzima, macho mazima isipokuwa asubuhi yanaamka yamevimba chini kama mtu aliyelia usiku kucha, na hiyo nayo imatinib inafanya, inatunza maji mwilini. Nyumbani kila mtu akasema basi aache, tumeshaona ya kwanza. Nikarudi kwa yule mdada na picha kwenye simu. Akaangalia, akauliza maswali yale yale, akasema hii haifanani na ile ila siwezi kukwambia aache wala aendelee, hiyo ni kazi ya daktari wake, na imatinib msiikatize kienyeji kwa sababu ugonjwa ukipata nafasi unaweza kujifunza kuikwepa dawa. Daktari kweli hakumuachisha. Akampa kidonge cha aleji cha usiku na krimu ya steroidi nyepesi ya kupaka sehemu chache kwa siku alizozitaja, akasema vipele vya namna hii mara nyingi vinatulia vyenyewe, na vikizidi wanaweza kusimamisha kidogo alafu wakamrudisha kwa dozi ndogo wanapanda taratibu. Kwa hiyo sisemi steroidi ni sumu. Nasema steroidi ya kuandikiwa na mtu anayejua damu ya mzazi wako ikoje ni tofauti na ya kuletewa na mtoto kutoka kituoni.

Haya, vitu vyenyewe sasa.

Mafuta ya mgando ya kawaida, yale meupe yasiyo na harufu. Hayafiki elfu tano kopo la kati na ndo kitu kilichomsaidia mzee kuliko vyote. Ngozi ya mtu aliye kwenye hizi dawa inakauka vibaya sana, vidole vya mzee vilikuwa vimepasuka mpaka uzi unamkwama kwenye nyufa akishona, na ngozi ikikauka inawasha, akijikuna inachubuka, ikichubuka bakteria wanaingia, na mtu mwenye seli nyeupe ambazo hazifanyi kazi sawasawa hapo ndo matatizo yanapoanzia. Siri yake ni kupaka mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, unamfuta kwa kumgusagusa na taulo laini usimsugue, alafu unapaka kufuata upande nywele za mwili zinapolalia. Maji yawe vuguvugu. Mzee anapenda maji ya moto ya kuunguza, tuligombana sana, ila aliona mwenyewe akioga ya moto usiku halali kwa kuwashwa.

Angalia sana maandishi kwenye kopo. Mengi yameandikwa ya watoto ukadhani ndo salama zaidi, kumbe yana manukato, na manukato yanawasha ngozi iliyochoka. Na usichovye vidole kwenye kopo. Yule mdada ndo alinifundisha, sisi tumetenga kijiko kidogo cha chai, kinaoshwa kwa sabuni na kukaushwa, unachota unaweka kwenye kiganja alafu unafunika. Kopo la mzee ni la mzee, watoto wana lao. Kitu kingine watu hawakisemi, mafuta haya yakikolea kwenye nguo na mashuka yanashika moto haraka, hata ukifua hayatoki yote, kwa hiyo mzee haruhusiwi kukaa karibu na jiko la mkaa wala kulala jirani na dawa ya mbu ya kuwasha.

Kuna marhamu nyingine nzito nyeupe ya famasi, kopo limeandikwa emulsifying ointment, hii ni nzuri hata zaidi kwa sababu unaweza kuitumia badala ya sabuni, unaikoroga na maji kidogo mkononi unamuogeshea. Inateleza balaa, weka kitambaa au mkeka wa mpira bafuni, mzee mwenye chembe sahani chache, zile zinazogandisha damu, akianguka anavujia damu ndani. Ubaya wake haipatikani kila mahali, na ikipatikana ni makopo madogo yanaisha haraka.

Sabuni za kuua wadudu, zile za rangi zenye harufu kali ambazo kila nyumba ya mgonjwa hawakosi, sisi tumeachana nazo kwenye mwili wa mzee. Zinakausha. Za kunawia sie wengine mikono kabla ya kumgusa ni sawa tu, kunawa ni muhimu mno.

Kalamini, ile ya maji ya pinki, niliinunua kwa sababu kila mtu anaitaja. Inapoza kwa muda, kwa kuumwa na mbu inafaa, ila kwa ngozi iliyokauka inazidi kukausha na inamuacha mtu mweusi amepaukapauka kama amemwagikiwa unga. Mzee aliikataa siku ya pili, kopo lipo kabatini.

Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani shangazi alileta chupa nzima, na nia yake ilikuwa njema, yananukia vizuri, mzee anayapenda. Tuliuliza kliniki wakasema kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda hakuna tabu ila yawe safi na yasiwe yameanza kuchacha. Maji ya mwarobaini ya kuoga pia tuliuliza, wakatuambia kwenye ngozi iliyochubuka hapana. Ya kunywa ndo walikuwa wakali kabisa, mwarobaini, mlonge, sijui unga gani wa kuongeza damu, chochote cha kumeza lazima waambiwe kwanza, kwa sababu imatinib inavunjwavunjwa na ini na kuna vitu vinaipandisha au kuishusha kwenye damu. Hata balungi tumeacha kumpa.

Na kuna jambo la rangi. Hili limemuumiza mzee kuliko vipele. Imatinib inaweza kufifisha rangi ya ngozi, inagusa ile njia inayoendesha seli za kutengeneza rangi, na kwa watu weusi inaonekana wazi. Mzee ni mweusi tii wa Kimakonde, miezi ilivyokwenda akaanza kung'aa, uso umekuwa wa maji ya kunde, mikono ina mabaka. Mtaani wakaanza kusema mzee na uzee wake anapaka mkorogo. Wateja wake wawili watatu walimwambia kabisa usoni. Akawa haendi kibarazani, cherehani akaihamishia chumbani kwenye giza, macho yanamuuma. Baba yangu hajawahi kumiliki hata losheni maisha yake yote. Daktari akamuelezea kwamba ni dawa, kwamba si dalili ya ugonjwa kurudi, na kwa wengi rangi inarudi dozi ikipunguzwa au dawa ikisimama, ila dozi yake haipunguzwi kwa ajili ya rangi. Mama ndo alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani. Saivi karudi kibarazani.

Kwa hiyo nikanunua losheni ya kuzuia jua, ya namba 50, na hapo ndo pesa ilinitoka. Inafanya kazi, uso haumchomi tena akirudi msikitini mchana, lakini inaacha weupe na mzee anasema anaonekana kama ametoka kusaga mahindi. Ukipaka kidogo kidogo ukaisambaza vizuri inapungua. Wengine mtasikia habari za Kilisun, losheni ya jua inayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Ile ni yao, wanaihitaji ili wasipate saratani ya ngozi, tusiende kuwapunguzia. Kofia pana ya ukili na shati la mikono mirefu la pamba vimemsaidia mzee karibu sawa na hiyo losheni, na shati alijishonea mwenyewe.

Na ukiwa mkoani usidhani mtaalamu wa ngozi yuko Dar peke yake. Hapo hapo KCMC kuna chuo cha ngozi cha kanda kinachofundisha tangu 1992, kinatoa madaktari bingwa na pia maofisa tabibu waliosomea ngozi kwa stashahada ya juu, na wengine wako kwenye hospitali za mikoa na wilaya. Uliza mapokezi kama kuna aliyesomea ngozi, usiondoke kabla hawajakujibu.

Vitu ambavyo hakuna duka la kuvitibu, na yule mdada ameviandika kwenye kikaratasi amekibandika kwenye kioo cha kabati lake: madoa madogo kama ncha ya sindano kwenye miguu ambayo ukikandamiza na glasi safi hayapotei, hiyo inaweza kuwa damu inavuja chini ya ngozi kwa sababu chembe sahani zimeshuka, kwa mtu mweusi angalia nyayo, paa la mdomo na ndani ya kope la chini. Malengelenge ya upande mmoja wa mwili yanayouma kama moto, huo ni mkanda wa jeshi, dawa yake inafanya kazi vizuri ukiiwahi ndani ya saa 72, usipake dawa ya meno wala majivu. Homa ya 38 na kwenda juu kwa mtu wa dawa za saratani ni hospitali usiku huo huo. Kidonda kwenye kifundo cha mguu kisichopona kwa anayetumia hydroxyurea, hicho nacho mwambie daktari, wengi wanadhani ni kisukari. Kile kikaratasi nilikipiga picha, kipo kwenye simu ya kila mtu nyumbani.

Sasa famasi yenyewe. Jina silitaji kwa sababu mwenyewe aliniomba, anasema atajaziwa watu wanaotaka ushauri wa kansa na yeye si daktari wa kansa. Nampa nyota zote tano na mapungufu yake nayataja. Ni ndogo, watu wanne mkiingia mnabanana. Inafungwa mapema na Jumapili haifungui kabisa, kwa mgonjwa wa saratani hiyo ni shida. Bei ziko juu kidogo kuliko Kariakoo, elfu moja elfu mbili hivi. Mara nyingi kitu unachotaka kimeisha na anakwambia wazi kimeisha, hakupi mbadala alimradi auze. Na foleni inakwenda polepole kwa sababu kila mtu anaulizwa unatumia dawa gani nyingine, kuna watu wanakasirika wanaondoka wanakwenda pale kituoni ambako unapewa ulichotaja ndani ya dakika moja.

Mimi nasubiri. Huwa nakaa pale kwenye benchi nasikiliza anavyouliza. Juzi kuna mama alikuja kununua krimu kwa ajili ya mtoto, akaulizwa, ikaonekana ni upele wa kuambukiza nyumba nzima wanajikuna, akaelekezwa dawa ya kupaka wote usiku mmoja na kufua mashuka na kuyaanika juani, akaondoka na kitu kinachomfaa. Mzee naye anampenda, kamshonea koti jipya, mifuko mikubwa, kola imekaa. Alikataa hela ya ufundi na mdada akakataa kulichukua bure, wakabishana pale mlangoni mpaka akakubali kulipia kitambaa.

Kwa sasa mzee anaendelea na imatinib yake 400 kila siku baada ya kula na glasi kubwa ya maji, kipimo cha mwisho cha BCR-ABL kimeshuka vizuri, ngozi bado inahitaji mafuta asubuhi na jioni na macho yanaamka yamevimba ila tunampima uzito kila wiki kama tulivyoambiwa, ukipanda ghafla tunakwenda. Ninachohangaika nacho saivi ni ile emulsifying ointment, imekata tangu mwezi uliopita, Kariakoo nimezunguka nimepata makopo ya gramu 100 tu. Mwenye kujua pa kupata kopo la nusu kilo, lisilo na harufu na tarehe yake haijaisha, iwe Dar au hata Morogoro, anitonye, nitafuata mwenyewe.